Tabibu wa Zahanati: Mafunzo, Cheti na Leseni

Katika zahanati nyingi za vijijini nchini Tanzania, mtu anayemsikiliza mgonjwa, akampima, akaamua ugonjwa na kumwandikia dawa si daktari mwenye shahada. Ni tabibu. Amesoma miaka mitatu baada ya kidato cha nne, ana stashahada ya utabibu, na mara nyingi ndiye mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati nzima: stoo ya dawa, watumishi wenzake, taarifa za kila mwezi, hata suala la mlinzi wa usiku. Sera ya afya ilipanga zahanati moja ihudumie watu kati ya 6,000 na 10,000, na kituo cha afya watu wapatao 50,000. Kwa watu hao wote, ubora wa tiba ya kwanza unategemea mafunzo ya mtu mmoja au wawili.

Kada zinazomzunguka tabibu huchanganywa mara kwa mara, hata na wazazi wanaotafuta chuo cha kumpeleka mtoto. Mhudumu wa afya husoma mwaka mmoja. Hufanya usafi wa wodi, humsaidia muuguzi na kumpokea mgonjwa, wala hana ruhusa ya kuandika dawa. Tabibu msaidizi ana astashahada, ngazi moja chini ya tabibu. Daktari msaidizi alikuwa tabibu aliyefanya kazi kwa angalau miaka mitatu, kisha akarudi chuoni kwa miaka miwili zaidi na kufundishwa upasuaji. Kwa miongo mingi, akina mama waliojifungua kwa operesheni katika hospitali za wilaya walipasuliwa zaidi na madaktari wasaidizi kuliko na kada nyingine yoyote. Mafunzo ya kada hiyo yalisitishwa baadaye, lakini wengi waliohitimu bado wako kazini. Muuguzi na mkunga wana mafunzo yao na baraza lao, nao hawaingii katika maelezo haya.

Kada ya utabibu ina mizizi ya kikoloni. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza Tanganyika ilianza kutumia vijana waliofundishwa kusafisha na kufunga vidonda na kugawa dawa chache. Watu waliwaita madresa. Hospitali nazo zilikuwa na wasaidizi wao waliofundishwa zaidi. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka baada ya zaidi ya miaka 40 ya kutawala, nchi ilikuwa na madaktari 12 tu wazalendo. Kwa hesabu hiyo, kusubiri madaktari wa shahada watoshe kila tarafa kungekuwa kuwaacha vizazi viwili bila tiba. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 ripoti ya Richard Titmuss na wenzake kuhusu huduma za afya Tanganyika ilishauri uzito upelekwe vijijini, kwenye vituo vidogo vyenye watumishi waliosomeshwa kwa muda wa wastani. Azimio la Arusha la 1967 liliupa ushauri huo nguvu ya kisiasa. Miaka ya 1970 vyuo viliongezwa. Waliomaliza darasa la saba walisoma miaka mitatu na kuwa waganga wasaidizi wa vijijini, na waliomaliza kidato cha nne walisoma miaka mitatu wakatoka na cheti cha ngazi ya juu zaidi, ambacho ndicho kilichokuja kuwa cha tabibu wa leo.

Mji wa Ifakara ni mfano mzuri wa historia hiyo. Mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto mwaka 1957, na mwaka 1961, mwaka wa uhuru, pakafunguliwa kituo cha kuwafundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini. Kituo hicho kimebadilika jina na umbo mara kadhaa, na mpaka leo matabibu wanafundishwa Ifakara. Vyuo vingine vya utabibu vimetawanyika nchi nzima, toka Mtwara na Masasi hadi Machame na Sengerema, vingine vya serikali, vingine vya mashirika ya dini, na kwa miaka ya karibuni vingi zaidi ni vya watu binafsi. Zanzibar ina utaratibu wake. Chuo cha sayansi za afya cha Mbweni, kilichowafundisha watumishi wengi wa Unguja na Pemba, sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA.

Anayetaka kusoma utabibu Tanzania Bara anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne kwa angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kuwa nyongeza nzuri, lakini mwenye ndoto ya kufika udaktari asiyadharau, kwa sababu yataulizwa baadaye, kama itakavyoonekana. Maombi hupitia mfumo wa udahili unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo kabla ya 2021 lilijulikana kama NACTE. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanachuo wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, na afya ni mojawapo. Hilo limebadilisha maisha ya familia nyingi zilizokuwa zikiuza shamba ili kulipa ada.

Masomo yamepangwa kwa ngazi tatu, kila moja mwaka mmoja wenye mihula miwili. Ngazi ya nne ya mfumo wa tuzo za kitaifa ni astashahada ya awali, ngazi ya tano ni astashahada, na ngazi ya sita ni stashahada. Mwaka wa kwanza ni wa misingi: anatomia, fiziolojia, vijidudu, huduma ya kwanza, maadili na mawasiliano na mgonjwa. Mwaka wa pili mwanachuo anaingia kwenye magonjwa yenyewe, ya ndani, ya watoto, ya uzazi, pamoja na dawa na jinsi zinavyofanya kazi. Mwaka wa tatu huongeza upasuaji mdogo, magonjwa ya akili, macho, ngozi, na uendeshaji wa kituo, kwa sababu mhitimu anaweza kukabidhiwa funguo za zahanati siku ya kwanza kazini. Kwa kila ngazi mwanachuo anayefaulu anastahili tuzo yake, hivyo aliyelazimika kuishia mwaka wa pili hatoki mikono mitupu.

Orodha ya masomo, hata hivyo, haielezi kinachomtofautisha tabibu mzuri na mbaya. Kinachowatofautisha hujengwa wodini na kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, mwanachuo akiwa amesimama pembeni ya mkufunzi au tabibu mzoefu. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi ilivyo. Mama amemleta mtoto wa miezi 14 mwenye homa na kikohozi cha siku tatu. Mwanachuo wa mwaka wa pili, akiachwa peke yake, atakimbilia kipimo cha haraka cha malaria. Mkufunzi anamzuia. Kwanza aulize maswali manne ya dalili za hatari: Je, mtoto ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Je, amelegea sana au ni vigumu kumwamsha? Jibu moja tu la kuthibitisha hatari lingetosha kumfanya apewe huduma ya kwanza na barua ya rufaa kwenda hospitali.

Baada ya hapo ndipo mtoto ahesabiwe pumzi. Ni kazi inayoonekana rahisi mno, lakini ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtoto lazima awe ametulia, hanyonyi wala halii. Nguo ya kifuani ipandishwe. Mwanachuo atazame kifua au tumbo likipanda na kushuka, ahesabu kwa dakika nzima akiangalia saa. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hakukubaliki, kwa kuwa mtoto hapumui kwa mwendo ulio sawa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi. Mtoto wa mfano wetu ana 46, na sehemu ya chini ya kifua chake haibonyei ndani anapovuta hewa. Hiyo ni nimonia, si ya kiwango cha kulazwa, na dawa yake ni amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, kwa dozi inayofuata uzito.

Kisha kipimo cha malaria. Kikionyesha chanya, mtoto hupewa dawa mseto pia. Hapa ndipo wanachuo wengi hukosea, na hapa ndipo mkufunzi mzuri hukaza: majibu chanya ya malaria hayafuti nimonia. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huohuo mapafu yake yanaugua. Tabibu aliyeridhika na kipimo hicho pekee humpeleka mtoto nyumbani na nusu ya tiba. Mwisho, mama aelezwe namna ya kutoa dawa, arudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe, na aambiwe dalili za kumrudisha mtoto upesi. Kila hatua huandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwanachuo huanza kuvijua vitabu hivyo akiwa bado chuoni, kwa sababu takwimu za wizara kuhusu wagonjwa wa nje huanzia kwenye mistari inayojazwa kwa kalamu katika chumba cha tabibu.

Kazi ya namna hii haifundishwi kwa slaidi. Ndiyo maana chuo cha utabibu kisicho na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha, au chenye wanachuo arobaini wanaojipanga kuzunguka kitanda kimoja, hakitoi matabibu, hata kama madarasa yake yana viyoyozi. Ongezeko la vyuo binafsi limesaidia kujaza nafasi za kazi, na hilo ni jema. Lakini hospitali za kufundishia hazikuongezeka kwa kasi hiyohiyo, na wodi moja ya wilaya huweza kupokea wanachuo wa vyuo vitatu kwa wiki moja. Mwombaji anayechagua chuo aulize kwanza hospitali gani inatumika kwa mazoezi, na wanachuo wangapi hugawana wodi moja, kabla ya kuuliza bweni lina vitanda vingapi.

Kipimo cha mwisho cha kila muhula ni mitihani ya nadharia na ya vitendo, inayojumlishwa na alama za kazi za muhula. Katika mtihani wa vitendo, mwanachuo huzunguka vituo vilivyopangwa kwa dakika chache kila kimoja: hapa achukue historia ya mgonjwa, pale asikilize kifua, kwingine aonyeshe jinsi ya kumzindua mtoto mchanga ambaye hakulia alipozaliwa. Msimamizi huweka tiki kwa kila hatua iliyofanyika. Kunawa mikono na kumsalimia mgonjwa ni hatua zenye alama, na kuna wanaozipoteza. Aliyefeli somo hupewa mtihani wa marudio, ambao vyuoni huitwa sapu. Akifeli tena, hulirudia somo. Mfumo huu ni mkali, na unapaswa kuwa hivyo, maana kosa lililosamehewa kwenye karatasi hulipwa baadaye na mtu asiyejua kwamba lilisamehewa.

Stashahada inathibitisha kwamba mtu amesoma. Haimpi ruhusa ya kutibu. Ruhusa hutolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa mujibu wa sheria ya 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, ndilo lenye daftari la watu wanaoruhusiwa kutoa tiba. Mhitimu huwasilisha vyeti vyake, huhakikiwa, huandikwa daftarini, kisha hupewa leseni. Leseni ina ukomo. Kuihuisha kunahitaji ada na pointi za mafunzo endelevu, ambazo tabibu hukusanya kwa kuhudhuria semina, kozi fupi na vikao vya kitaaluma kazini. Baraza linaweza pia kumsikiliza mgonjwa aliyelalamika, kumwonya tabibu, kumsimamisha au kumfuta daftarini. Hii ndiyo kinga ya mwananchi. Mtu mwenye cheti cha kweli lakini asiye na leseni iliyo hai hana haki ya kuandika dawa, awe kwenye zahanati ya kijiji au kliniki ya mjini yenye bango kubwa.

Kenya imeweka ngazi ya ziada ambayo inafaa kutazamwa kwa makini. Huko mafunzo ya kada hii yana historia ndefu, yakianzia kwenye shule iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1927 ambayo leo ni Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, chenye kampasi katika kaunti nyingi. Afisa wa kliniki wa Kenya husoma stashahada ya miaka mitatu, kisha hutumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni na baraza la kada yake. Nchini Tanzania, utarajali wa namna hiyo ni desturi ya madaktari. Tabibu huingia kazini moja kwa moja kutoka chuoni. Kumpeleka kijana wa miaka 22 kwenye zahanati iliyo kilomita 60 kutoka hospitali ya wilaya, bila mkubwa wa kumuuliza usiku, ni kumtwisha mzigo mzito, na wagonjwa wake pia. Mwaka mmoja wa utarajali ungegharimu fedha na nyumba za watarajali, lakini ni gharama yenye maana.

Mipaka ya kazi ya tabibu imeandikwa. Mwongozo wa matibabu wa taifa hupanga dawa kwa herufi: A ni za ngazi ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, na S za hospitali za kibingwa. Tabibu wa zahanati anatakiwa kuijua orodha ya A vilivyo na kujua inapoishia. Bima ya afya nayo hufuata mpangilio huo, na dawa iliyoandikwa juu ya ngazi ya kituo hukataliwa. Kwa hiyo ujuzi wa kutoa rufaa mapema ni sehemu ya taaluma. Mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu na maumivu makali ya kichwa, kwa mfano, hupewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa cha mimba, halafu anapandishwa gari kwenda penye chumba cha upasuaji. Tabibu anayemshikilia mgonjwa kama huyo kwa kuogopa kuonekana hajui amefanya kosa kubwa kuliko yule aliyemsafirisha bila ulazima.

Ajira serikalini hutangazwa na TAMISEMI au Sekretarieti ya Ajira, na maombi hufanyika kwa mtandao. Tabibu huanza daraja la pili na kupanda kwa miaka na tathmini. Wapo wanaojikita kwenye kliniki za CTC zinazowahudumia watu wanaoishi na VVU, wengine kwenye afya ya akili, macho au dawa za usingizi kwa kozi za ziada. Anayetaka shahada ya udaktari anaweza kuomba kwa stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, akiwa pia na alama D au zaidi kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ndiyo sababu ya tahadhari iliyotajwa mwanzoni kuhusu Hisabati na Kiingereza: kuna matabibu wenye uwezo mkubwa waliokwamishwa na F moja waliyoipata wakiwa na miaka 17, wakalazimika kurudi kufanya mtihani wa kujitegemea wakiwa na familia.

Matabibu wanaohamia Marekani hukutana na mkanganyiko mwingine. Huko kuna kada ya msaidizi wa tiba ambayo kwa jina inafanana na vyeti vya zamani vya Afrika Mashariki, lakini kazi yake ni nyingine. Hupima shinikizo la damu, uzito na joto, huchukua damu, huandaa chumba na kutunza kumbukumbu katika kliniki ya daktari. Haamui ugonjwa wala haandiki dawa. Mafunzo yake huchukua kati ya miezi kadhaa na miaka miwili. Chama cha kada hiyo, AAMA, kilichoanzishwa mwaka 1956, hutoa cheti cha CMA kwa anayefaulu mtihani wake, na cheti hicho huhuishwa kila baada ya miezi 60. Majimbo mengi hayadai leseni, lakini waajiri wengi hudai cheti. Tabibu aliyewatibu maelfu ya watu nyumbani hawezi kuifanya kazi yake ya zamani huko kwa stashahada aliyonayo, na wengi huanza upya kwa kozi za uuguzi au usaidizi. Ni vyema hilo lijulikane kabla ya tiketi kununuliwa.

Kwa kijana anayejiandaa kuomba nafasi, jambo la kwanza la kufanya ni kuhakiki chuo. Kila chuo halali kina namba ya usajili ya NACTVET, na vyuo vya afya na sayansi shirikishi hubeba herufi HAS katika namba hiyo. Orodha yake hutolewa na baraza lenyewe. Chuo kisichokuwa kwenye orodha kisilipwe hata shilingi, kwa sababu cheti chake hakitapokelewa na Baraza la Madaktari, na bila baraza hilo hakuna leseni.